Mikono ya Akiba

Asubuhi hiyo kisanamu kilikuwa kimeinua mkono wa kushoto.

Mzee Leopold Muganyizi alikiona alipotoka chumbani kwenda kuchemsha maji ya kunyolea ndevu. Kilikuwa kimesimama juu ya kabati la vyombo, pale pale alipokiacha, kwenye kitako chake cha plastiki. Alikuwa amekiacha mikono ikiwa chini, kama mwanafunzi aliye mstarini. Sasa mkono mmoja ulikuwa umenyanyuka hadi usawa wa bega, kiganja kimeelekea chini, vidole vimekunjwa kidogo. Ndivyo watu wa Mwanza wanavyoitana kwa mbali. Njoo.

Alidhani mkewe amekigusa wakati wa kufuta vumbi. Bernadetta naye, alipopita na beseni, alikitazama akadhani mumewe ameanza kazi yake mapema. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Katika nyumba ile, miaka ile, maswali mengi yaliachwa hivyo, kwa sababu kuuliza kulichosha.

Muganyizi hakuwa mwalimu, ingawa Igogo nzima ilimwita Mwalimu. Alikuwa msahihishaji wa chapa katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, kazi aliyoianza akiwa kijana, wakati wa Mwingereza, na kuiacha alipostaafu. Kila alipoitwa Mwalimu alisema, bila hasira, "Msahihishaji," na watu wakaendelea kumwita Mwalimu. Baada ya kustaafu alipewa safu katika gazeti dogo la kila Ijumaa, *Mwangwi wa Ziwa*. Safu yenyewe iliitwa "Mgeni Sokoni".

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na katika maduka ya Mtaa wa Rwagasore viliteremshwa vitu ambavyo watu hawakujua vinashikwaje: pasi za mvuke, chupa za chai zenye pampu, mashine za kunyolea za betri. Muganyizi alikaa na kila kitu nyumbani kwake kwa wiki nzima, akakitumia, akakifungua, akakifunga tena, ndipo akaandika kama kinafaa au hakifai. Watu walimwamini kwa sababu hakupokea zawadi, na kwa sababu hakuandika juu ya kitu asichoweza kukitaja kwa jina lake na kwa jina la kila kipande chake. Msomaji, alikuwa akisema, hawezi kwenda dukani kuulizia kidude.

Kisanamu kilitoka kwa Machibya, Msukuma mcheshi aliyeuza mizigo ya makontena kutoka Japani.

"Hiki utaniandikia, Mwalimu," Machibya alisema, akaweka kwenye kaunta boksi lenye dirisha la nailoni. Ndani alisimama msichana mrefu kama kiganja cha mtu mzima, mwenye nywele za buluu na macho makubwa kuliko mdomo.

"Msahihishaji."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kinaitwaje?"

"Nitajuaje? Hayo maandishi ni ya Kijapani. Wana sinema zao za kuchora, huyu ni mmoja wa humo. Mwite utakavyo."

"Siwezi kumwita nitakavyo. Ana jina."

"Basi mwulize mwenyewe." Machibya alicheka peke yake, kisha akavuta kwa mguu katoni kubwa iliyokuwa chini ya kaunta. "Ninao wengi humu. Sitoi hata mmoja mpaka uandike. Nikiwapanga bila maneno yako, watu watasema Machibya ameanza kuuza uchawi."

Nyumbani, Muganyizi alitandika gazeti la zamani mezani akatoa kila kitu, kimoja kimoja. Msichana alivaa sare ya shule yenye kola pana kama ya mabaharia. Mabega, viwiko, viganja, nyonga, magoti na shingo vilikuwa na viungo vinavyozunguka na kukaa pale unapoviacha. Pembeni kulikuwa na mwavuli, mkoba wa shule na kitako chenye kijiti cha kumshikilia mgongoni asianguke. Na katika kisahani cha plastiki chenye vyumba vidogo kulikuwa na mikono ya akiba: ngumi, viganja vilivyo wazi, mikono yenye kidole kinachoonyesha, mikono ya kushikia kitu. Unachomoa mmoja, unachomeka mwingine. Chumba cha mwisho kilikuwa na uso wa pili. Ule aliokuja nao ulitabasamu. Wa pili ulikuwa umefumba macho.

Bernadetta alisimama nyuma yake, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina maji.

"Ana mkoba," alisema.

"Ndiyo. Na mwavuli."

"Mkoba kama ule."

Muganyizi hakuuliza ule upi. Binti yao Kokulinda alikuwa mwalimu Nansio, kisiwani. Miaka mitatu nyuma alipanda mtumbwi wa injini kuja Mwanza kwa likizo, na mtumbwi haukufika. Walipatikana wengine, yeye hakuonekana. Walirudi kwao Kamachumu, kwa Wahaya, wakafanya kama inavyofanywa kwa mtu aliyepotelea majini: wakakata shina la mgomba lenye urefu wake, wakalivika sanda, wakalizika kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo. Mzee wa ukoo akasema mbele ya watu wote kwamba jina hilo limelazwa pale, na atakayeliamsha ni mtoto atakayezaliwa. Mpaka siku hiyo lisiitwe juu ya kitu kingine. Tangu hapo mume na mke hawakuitana tena Baba Koku na Mama Koku. Muganyizi alimwita mkewe Bernadetta, naye akamwita mzee.

Muganyizi alichukua kalamu. Ilikuwa desturi yake kupeleka nusu ya kwanza ya makala mapema, ile ya kukieleza kitu, ili watu wa chapa waanze kupanga herufi. Hukumu ilifuata mwisho wa wiki. Aliandika sentensi ya kwanza akakwama. Aliigeuza miwani, akayatazama tena maandishi ya boksini. Aliandika "msichana" akakata. Aliandika "mwanasesere" akakata, kwa kuwa mwanasesere ni wa kubebwa, na huyu hakuwa wa kubebwa.

"Mwite Kokulinda," Bernadetta alisema.

"Hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi, mzee?"

Muganyizi alikuwa amechoka. Kijana wa gazetini angepita jioni kuchukua karatasi. Aliandika, "ambaye katika makala hii tutamwita Kokulinda," kisha akaandika hadi mwisho wa ukurasa bila kukwama tena. Bernadetta alikausha mikono kwenye kanga, akakiinua kisanamu hadi usawa wa uso wake, akalitamka jina hilo kwa sauti ndogo, mara moja tu.

Kesho yake ndiyo asubuhi ya mkono ulioinuka.

Harufu ilifuata. Mwaka ule magugu maji yalikuwa yameziba ufuko wote kuanzia Kirumba hadi Igogo, na upepo ukivuma kutoka ziwani mji ulinuka majani yanayooza. Lakini harufu ya sebuleni ilikuja hata siku ambazo upepo ulitoka milimani. Ilikuwa harufu ya maji ya chini, ya matope yasiyoona jua. Muganyizi alifuta kabati kwa sabuni. Chini ya kitako alikuta kiduara cha maji, si kikubwa kuliko sarafu. Alikifuta. Alipopita tena kilikuwepo.

Jioni za mgao wa umeme, Bernadetta alikuwa akikaa jikoni na koroboi, akichambua mchele. Muganyizi alimsikia akizungumza. Mwanzoni alifikiri anasali rozari. Kisha akatambua kwamba sala haina vituo vya namna ile, vituo vya mtu anayesubiri mwenzake amalize. Alisogea hadi mlangoni.

"Kokulinda," mkewe aliita, taratibu.

Kitu kilisema, "Abee mama."

Sauti ilikuwa nyembamba, imebanwa, kama inayotoka ndani ya chupa. Muganyizi alirudi akaketi gizani, akajiambia kwamba ni redio ya jirani. Aliendelea kujiambia hivyo hadi umeme uliporudi, akamwona Bernadetta akitoka jikoni amekishika kisanamu kifuani, na uso wake umepumzika kwa namna ambayo hakuiona kwa miaka mitatu. Kwa ajili ya uso huo alinyamaza.

Siku iliyofuata aliamua kumaliza kazi. Ilikuwa mchana, jua kali, watoto wa mtaani wakipiga kelele, na mchana wa namna hiyo mtu hupata aibu kwa aliyoyafikiri gizani. Aliketi na kisanamu ili ajaribu mikono ya akiba, kwa mpangilio, kama alivyozoea. Alichomoa kiganja cha kulia, akachomeka ngumi.

Jikoni sufuria ilianguka.

"Bernadetta?"

"Si kitu. Ganzi tu."

Alikwenda kumwona. Uji ulikuwa umemwagika sakafuni, na mkewe alikuwa amesimama ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefunga ngumi. Alijaribu kuvikunjua vidole, kimoja kimoja, kwa upole na kisha kwa nguvu, navyo havikufunguka; vilikuwa vigumu na vya baridi, na ngozi ya juu yake ilikuwa imekuwa laini, haina mikunjo, inang'aa kidogo. Alirudi mezani. Alichomoa ngumi akarudisha kiganja. Jikoni alimsikia mkewe akishusha pumzi.

Hakujaribu tena. Aliirudisha mikono yote ya akiba kwenye kisahani chake, akakiweka kabatini, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akautia mfukoni. Lakini kufungia hakukusaidia, kwa sababu tangu siku hiyo kisanamu kilijibadilisha chenyewe, na kila kilipojibadilisha Muganyizi alikijua kwanza kwa mikono ya mkewe: alimwona mezani ameshindwa kuachia kijiko, alimwona kanisani kidole kimoja kimenyooka kikielekea altareni wakati wengine wamekunja mikono yao, na alipokimbilia nyumbani na kufungua kabati alikuta kisahani ni kikavu isipokuwa chumba kimoja, chumba cha mwisho, ambacho kilikuwa kimejaa maji, na ndani ya maji ule uso uliofumba macho ulikuwa umegeuka ukimtazama yeye, kama kitu kilichofumba macho kinaweza kutazama.

Bernadetta alikonda. Alilala mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa. Alipoulizwa alisema amechoka tu.

Kulikuwa na mganga, mwanamke wa Magu aliyeitwa Ng'washi. Muganyizi alimfahamu kwa sifa, na kwa miaka mingi, akiwa Mkatoliki na mtu wa kitabu, alimfahamu kwa kumkwepa. Alipanda basi la asubuhi. Alimkuta kando ya barabara kuu, anapima mchele kwa kopo kwenye gunia, mama wa umri wake, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya kigoda.

"Karibu, mzee. Kilo ngapi?"

"Sikuja kwa mchele."

"Najua. Wa mchele hawaji wamevaa koti." Alimwonyesha debe lililopinduliwa. "Kaa. Sema taratibu, mimi nimechoka kuliko wewe."

Alimweleza yote, akitaja kila kitu kwa jina lake, kama anasoma makala. Ng'washi aliendelea kupima mchele.

"Nani alikipa jina?"

"Mke wangu alilisema. Mimi niliandika."

"Na anayelilia jina hilo ni nani?"

"Mke wangu."

"Na wewe?"

Muganyizi alitazama barabara. "Mimi nilichoka kulia."

"Ndiyo maana kimechukua mikono yake, hakikuchukua yako." Alimimina kopo. "Ziwani kuna vitu havina majina, mzee. Vinazungukazunguka tu. Ninyi mlikuwa na jina mlilolilaza bila mwili. Mkalitoa mlikolilaza, mkaliweka juu ya kitu chenye mikono na miguu, halafu mama mtu akaliita kwa uchungu. Mlitaka kisije?"

"Si binti yangu, basi."

"Binti yako hakimjui hata kwa sura. Kimekuta jina wazi, kimeingia. Sasa kinataka na mikono ya nyama."

"Kina uso wa pili," Muganyizi alisema. "Umefumba macho."

Kopo lilisimama hewani.

"Umekivisha?"

"Hapana. Nilikuwa nimeuweka uwe wa mwisho."

"Kikiuvaa, mkeo naye atafumba. Hatafumbua tena." Ng'washi aliweka kopo chini. "Nenda nyumbani."

"Nipe dawa."

"Dawa ya jina sina. Aliyelitoa alirudishe, kwa mdomo wake mwenyewe, kando ya maji, akijua anachosema. Asipotaka, hata mimi nikija na vibuyu vyangu vyote ni bure." Kisha, mzee alipokwisha kunyanyuka, alimwambia kwa sauti ya chini zaidi, "Na umshukuru Mungu wako. Kimekuja kimoja kwa sababu kimeitwa na mtu mmoja."

Basi la kurudi liliharibika Nyanguge, na jua lilikuwa limeinamia ziwa alipofika Igogo. Mlango ulikuwa wazi. Redio ilikuwa imezimwa, jiko limezimika, kuku walikuwa wamepanda juu ya meza bila mtu wa kuwafukuza, na harufu ya maji ya chini ilikuwa nzito kiasi kwamba aliisikia kwenye ulimi, na sebuleni, katika mwanga mwekundu ulioingia kwa dirisha la magharibi, Bernadetta alikuwa ameketi kwenye kiti chake ameegemeza kichwa nyuma, kope zake zikipepesa kama za mtu anayejitahidi asisinzie, na mbele yake, juu ya stuli, ingawa kabati lilikuwa bado limefungwa na ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwa koti, kisanamu kilisimama bila kitako na bila kijiti, kimevaa mikono ya kushikia, na kwa mikono hiyo miwili kilikuwa kimeushika ule uso wa pili, kimeunyanyua hadi chini kidogo ya kidevu chake, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye viwiko.

Muganyizi aliunyakua uso. Ulikuwa na joto. Aliutia mfukoni mwa shati na kuushikilia humo kwa kiganja, akiusikia ukisukuma taratibu, kama kinda. Kope za mkewe zilitulia. Alifumbua macho.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi. Amka twende ziwani."

"Kufanya nini?"

"Kurudisha jina."

Alimweleza aliyoambiwa. Bernadetta alisikiliza akiwa ametazama kisanamu, wala hakushtuka.

"Anakuitikia kwa lugha gani, Bernadetta?"

"Kiswahili."

"Kokulinda alikuitikia kwa Kiswahili lini? Tangu amejua kusema, alikuitikia kwa Kihaya. Hata mbele ya wageni."

"Najua," Bernadetta alisema. "Nilijua siku ya kwanza. Siyo yeye." Aliinua mikono yake miwili, iliyokuwa imekunjika kama inayoshika kitu kisichokuwepo. "Lakini anaitika, mzee. Miaka mitatu naita katika nyumba hii. Wewe hukuwa unaitika."

Muganyizi alipiga magoti mbele ya kiti, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akamshika mikono hiyo migumu.

"Ni kweli," alisema. "Nitaitika. Ila twende kwanza."

Walitembea wameshikana hadi ufukweni, mzee amebeba boksi na kisahani kwapani. Watu wawili watatu waliokuwa wakianua dagaa waliwasalimia, wakaitikia. Ukingoni maji hayakuonekana. Magugu yalikuwa yametanda kama shamba, na maua yake ya zambarau yalikuwa yanafungwa na jioni. Muganyizi aliyasogeza kwa fimbo hadi pakafunguka tundu jeusi.

Bernadetta alikishika kisanamu juu ya tundu hilo. Alisema, polepole, kama mtu anayesoma jiwe la kaburi:

"Kokulinda Maria Goreti ni binti wa Leopold Muganyizi na Bernadetta Kagemulo, wa Kamachumu, mwalimu wa Nansio. Mwili wake uko ziwani. Jina lake liko Kamachumu, chini ya mgomba. Wewe si yeye. Nirudishie."

"Abee mama," kilisema kisanamu.

Hakujibu.

"Abee mama. Abee mama."

Bernadetta aliuma mdomo, machozi yakimtiririka hadi shingoni, na hakujibu. Kisha kiungo kimoja baada ya kingine kililegea, shingo, mabega, magoti, kila kimoja na mlio mdogo wa plastiki, na mikono yake mwenyewe ikafunguka yote miwili kwa pamoja. Kilidondoka. Muganyizi alitupa boksi na kisahani, na mwisho ule uso. Magugu yalijirudi taratibu yakafunga tundu.

"Mama Koku," alisema.

Mkewe aliitika, kwa Kihaya.

Usiku ule walilala hadi jua likawa juu.

Muganyizi alimwambia Machibya kwamba sampuli imezama ziwani, akailipia, wala hakueleza zaidi. Kisha aliandika makala upya, yote, mwanzo hadi mwisho. Hakuweza kuandika kwamba kitu kile ni kibaya, kwa kuwa kosa halikuwa la plastiki. Aliandika kilivyo: viungo vinakaza vizuri, rangi haitoki kwa sabuni, mikono ya akiba inabadilishwa kwa urahisi, kijiti cha mgongoni ni chembamba mno. Kwa mara ya kwanza tangu aanze safu hiyo aliacha kitu bila jina. Aliandika "kisanamu hiki" kila mahali. Chenge, mhariri, hakuwepo ofisini. Alimwachia karatasi mezani bila kuandika sababu. Angeandika sababu gani?

Ijumaa mchana walikuwa wameketi barazani. Bernadetta alikuwa akimenya ndizi, na ilikuwa raha kumwona anavyozungusha kisu. Chenge alifika kwa baiskeli, kijana mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mzee, leo nimekuokoa." Alitoa gazeti kwenye mkoba. "Umeanza kusahau sasa. Makala nzima, kisanamu hiki, kisanamu hiki, jina hamna. Nikasema, huyu si Muganyizi ninayemjua mimi. Bahati nzuri ile nusu yako ya kwanza ilikuwa bado kwa watu wa chapa. Nikalichukua jina humo, nikalirudisha kila mahali. Hata sikutaka kukusumbua."

Muganyizi alipokea gazeti. Hakuhitaji miwani. Kichwa cha safu kilikuwa cha herufi kubwa: KOKULINDA AMEFIKA MWANZA.

"Machibya anakusalimu sana," Chenge aliendelea. "Katoni imekwisha kabla ya adhuhuri. Kila mtoto anamtaka Kokulinda. Nimepita Mabatini, Kokulinda. Nimepita hapo Igogo sokoni, Kokulinda. Sikiliza."

Ng'ambo ya ukuta wa michongoma mtoto wa kike alikuwa akiita, kwa wimbo, "Kokulinda, njoo. Kokulinda, njoo." Mwingine aliitika kutoka nyumba ya pili, "Wangu mimi ameshika mwavuli." Na mbali zaidi, kuelekea barabarani, sauti nyingine, na nyingine, na upepo uliokuwa ukitoka milimani ulileta harufu ya maji ya chini.

Kisu kilianguka sakafuni.

Muganyizi aligeuka. Mikono ya mkewe ilikuwa juu ya mapaja, miongoni mwa maganda. Wa kulia ulifunga ngumi, ukafunguka, ukanyoosha kidole, ukafunga tena. Wa kushoto ulipinda kama unaoshika mpini wa mwavuli, ukaachia, ukapinda. Ilikwenda upesi, kila mmoja kivyake, kama inayovutwa na watu wengi wasiojuana.

"Mama ana nini?" Chenge aliuliza.

"Ona," mtoto alisema nyuma ya michongoma, "kuna na sura nyingine humu. Imelala. Tumvalishe?"

Muganyizi alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea ukutani, mzee wa miaka sabini, akipaza sauti ambayo hakuna mtu wa Igogo aliyewahi kuisikia, na nyuma yake, barazani, mkewe alimwita kwa lile jina alilokuwa hajamwita miaka mitatu, taratibu, bila hofu, kama mtu aliyefanya kazi kutwa nzima.

"Baba Koku," alisema, "nasikia usingizi."